Shimo Namba Arobaini na Saba

Tarehe 9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Anakusalimu sana, wewe kitindamimba wa kwao, na anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu wa miaka arobaini na sita akishindwa kula mwenyewe hatuna la kumsaidia kwa barua. Cherehani imepata mkanda mpya, kelele zimepungua, kwa hiyo nyumbani sasa tunasikilizana.

Unaona bado nashika sheria ya Babu. Ukarani wa ghala haukumtoka hata alipostaafu: jambo la maana liandikwe, neno la mdomoni halina risiti. Basi naandika.

Nimemaliza kuhesabu, Mjomba! Chuoni kwetu idara nzima ina kompyuta mbili, na moja ni ya katibu. Kwa hiyo ile picha ya uwanda wa Mirihi niliichapisha vipande vipande, karatasi kumi, pale duka la jirani, nikaziunganisha kwa gundi na kuzitandaza juu ya meza ya Mama ya kukatia nguo. Kila shimo lililopigwa na jiwe la angani nimelizungushia penseli, nikalipima kwa rula ya Mama, nikalipa namba. Jumla mia mbili kumi na tatu. Nimeanzia kona ya chini kulia, kama Babu alivyokufundisha wewe na akanifundisha mimi kwenye magunia yake: watu wote huanzia juu kushoto, wakifika chini kulia wamechoka, na mtu aliyechoka hudanganya. Anzia pale utakapochokea.

Kuna moja, namba arobaini na saba, kwenye karatasi ya sita. Duara safi, kubwa kuliko yote, karibu kilomita nne. Nimelipa jina la Babu. Najua majina ya mashimo hayatolewi ovyo, lakini nani wa kuniuliza? Na unajua uzito wake. Kadiri uso wa sayari unavyokaa muda mrefu bila kufunikwa, ndivyo unavyozidi kupigwa na mawe makubwa. Bila Babu, uwanda wangu ni kijana. Pamoja na Babu, ni mzee wa heshima.

Nakutumia nakala ya karatasi zote kumi pamoja na jedwali la vipimo. Katika ukoo wetu ni wewe peke yako unayelipwa kuitazama Mirihi. Nitazamie.

Mtihani wa mwisho ni mwezi wa tano. Baada ya hapo sijui naenda wapi. Mama amesikia kuna nafasi ya kufundisha hesabu shule ya jirani. Sikatai. Lakini.

Mpwa wako,
Bi Mashimo


Tarehe 2 Februari

Bi Mashimo,

Marahaba, marahaba, na nyingine weka akiba. Mwambie dada yangu nakula, ila chakula cha kujipikia mwenyewe hakina wa kumlaumu. Huku baridi imeingia mpaka kwenye soksi. Chumba changu cha kazi kina kompyuta tatu na dirisha moja linalotazama maegesho ya magari, kwa hiyo natazama Mirihi.

Sasa nisikilize. Umelia miaka mitatu kwamba mlango umefungwa. Mlango hauna hata kufuli, ila hakuna aliyekuonyesha kitasa. Picha za vyombo vya anga ziko kwenye hifadhi iliyo wazi kwa kila mtu, bure, na ni zile zile ninazotumia mimi. Anwani nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Zipo shule za likizo zinazomlipia mwanafunzi nauli na malazi. Wapo wanaomgharamia mwanafunzi aende mkutanoni, mradi awe na bango la kubandika ukutani na ulimi wa kulieleza. Taasisi yetu hutoa kijarida cha nafasi hizo kila mwezi. Hiki hapa cha mwezi huu. Nimekupigia kalamu ya njano kwenye la maana, ukurasa wa pili: mwaka mmoja wa ufadhili hapa hapa kwetu, kwa wanafunzi wanaotoka vyuo visivyo na vifaa. Ni wewe huyo, wamesahau tu kuandika jina.

Wanataka barua mbili za mapendekezo. Moja ya mwalimu wako, ya pili ya mtafiti wa sayari anayeijua kazi yako. Mwisho ni tarehe 30 Aprili. Hiyo ya pili ni yangu, hesabu kwamba imeshaandikwa. Mcheza kwao hutunzwa.

Mashimo yako nimeyatazama juu juu. Kazi safi, safi mno. Yaache kwangu niyakague taratibu.

Mimi mwenyewe mkataba wangu unaangaliwa upya mwezi wa sita, na wakubwa wanauliza nimechapisha nini miaka hii miwili. Jibu lake ni fupi kuliko jina langu. Lakini hayo ni yangu, usimpe dada presha.

Mjomba wako


Tarehe 21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo mara kumi. Barua yako ilifika saa nne asubuhi, na kufikia saa sita Mama alikuwa ameshanipima mabega. Anashona koti! Amepata kitambaa kizito cha kijivu kwa mteja aliyeghairi, na anasema mtoto wake hatakwenda kugandia ugenini kwa ajili ya mashimo. Nimemwambia bado sijachaguliwa. Amenijibu, "Mjomba wako si ameshasema?"

Maombi nimepeleka. Mwalimu wetu wa fizikia, ambaye kusema kweli ndiye idara nzima, ameandika barua yake siku ile ile na kunisomea mwenyewe, mpaka nikaona haya. Namba ya maombi yangu nimeiandika kwenye kipande cha karatasi ndani ya bahasha. Imebaki barua yako tu.

Na mashimo? Umeyaonaje? Babu umemwona?

Bi Mashimo


Tarehe 17 Machi

Bi Mashimo,

Marahaba. Niko mbioni, usishangae ufupi. Huku wazima, kazi imenikaba, mafua nayo yamenikaribia. Msalimie dada na koti lake.

Barua yako ya mapendekezo iko mezani kwangu.

Maswali mawili matatu ya haraka. Jedwali lako ulilipima kwa skeli ipi, ile ya chini ya picha? Na hilo namba arobaini na saba, ulilipima kutoka ukingo upi hadi upi, wa ndani au wa nje? Nijibu mapema. Na kwa sasa hesabu hiyo usimwonyeshe mtu mwingine, hata mwalimu wako, mpaka nimalize kuikagua. Kazi mbichi ikitembea huokota makosa.

Mjomba


Tarehe 22 Aprili, kwa posta ya haraka

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limetulia, koti limebaki vifungo. Habari za huku sitazirefusha, maana nina mambo mawili na siku nane.

La kwanza. Nimewaandikia ofisi ya ufadhili. Wanasema barua ya Mwalimu imefika, yako bado. Simu yako inaita mpaka inakata. Labda umesafiri, labda unaumwa, labda barua imefunikwa na mafaili. Tafadhali, Mjomba. Sijawahi kukuambia tafadhali maishani; tangu utoto nilikuwa naingiza tu mkono mfukoni mwako.

La pili ni aibu yangu, na usicheke kwa sauti, wenzako watakushangaa. Uliuliza Babu nilimpima kutoka wapi hadi wapi. Babu hayupo! Wiki iliyopita Mama alirudi na tangazo la mkutano wa mafundi cherehani, lililochapishwa pale pale dukani. Chini ya orodha ya mambo ya kujadili nikamkuta Babu. Duara lile lile, upana ule ule. Nikapekua fomu ya zahanati ya Mama: Babu. Ratiba ya mtihani: Babu. Nikamwendea mwenye duka, akaifungua printa, akanionyesha kovu la duara kwenye roli lake, linaloacha alama kwenye kila karatasi inayopita. Karatasi zangu tisa zilitoka kabla. Ile ya sita ilikuwa imepinda, nikaichapisha upya wiki moja baadaye, printa ikiwa imeshaumia. Sikuwa nimekuambia hilo kwa sababu sikuliona kuwa jambo.

Jana Mwalimu aliniombea kompyuta ya katibu kwa saa tatu. Nikaipakua picha yenyewe kutoka ile hifadhi uliyonipa anwani yake. Pale penye namba arobaini na saba ni mchanga mtupu.

Kwa hiyo mashimo ni mia mbili kumi na mawili, na uwanda wangu si mzee wa heshima, ni kijana wa kawaida kama majirani zake. Nilisononeka nusu saa, kisha nikacheka. Mwalimu ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote; anasema kosa nimelikamata mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi. (Samahani, nimemwonyesha. Nisingeweza kukaa nalo peke yangu.) Jedwali jipya hili hapa. La zamani lichane.

Siku nane, Mjomba.

Bi Mashimo


Tarehe 27 Aprili

Bi Mashimo,

Marahaba. Nafurahi kusikia nyote wazima. Huku ukungu hauondoki na mafua yamenilaza wiki mbili. Simu nilikuwa nikiiona inawaka, nguvu za kuinyanyua sina. Barua zako nazipata zote, usidhani zinapotea.

Ile barua ya mapendekezo niliipeleka mwenyewe tarehe kumi, kwa mkono wangu, nikaiacha mapokezi. Kama hawajaiona ni uzembe wao, na uzembe wa ofisi kubwa hauna dawa. Nitawakumbusha.

Lakini hata ukikosa safari hii, pole sana, usivunjike moyo. Nafasi zipo kila mwaka. Kijarida nitaendelea kukutumia. Subira yavuta heri, na wewe bado mdogo. Hiyo kazi ya shule ya jirani isishushwe thamani; hesabu ni hesabu.

Msalimie sana dada yangu.

Mjomba wako


Tarehe 11 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Koti limekwisha, lina vifungo sita, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu, na kila mgeni anauliza nani anasafiri.

Ofisi ya ufadhili imejibu. Maombi yangu hayakusomwa, kwa sababu yalikuwa na barua moja badala ya mbili. Nikauliza kuhusu mapokezi na tarehe kumi. Karani wao mmoja mwenye adabu amenijibu kwamba pale mapokezi kila bahasha huandikwa daftarini, wamepekua kurasa za mwezi mzima, jina lako halimo.

Nikaitoa tena barua yako ya tarehe 27 Aprili. Juu ya bahasha muhuri wa posta unasema tarehe 16 Mei. Barua imeandikwa kabla ya mwisho wa maombi, imetumwa baada, na ndani yake unanipa pole. Nani hutoa pole kabla ya msiba, kama si yule anayejua mgonjwa hatapewa dawa?

Hayo ningeyameza. Ningesema ni mafua, ni kusahau, ni aibu ya kusahau. Lakini wiki iliyopita Mwalimu aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa kiti, na kwake kiti ni kimoja. Mezani palikuwa na kitabu cha muhtasari wa mkutano wa watafiti wa sayari. Kurasa mbili. Jina lako, peke yake. Uwanda wangu. Jedwali langu, namba zikianzia chini kulia, mashimo mia mbili kumi na matatu, kila kipimo kama nilivyokitoa kwenye rula ya Mama. Umri wa uwanda mkubwa ajabu, umeuita matokeo yasiyotarajiwa. Nililitafuta jina langu mpaka kwenye shukrani. Umeishukuru taasisi. Umemshukuru fundi wa kompyuta.

Umenisaliti. Nimeliandika neno hilo kwa kalamu ya wino ili nisiweze kulifuta. Sasa naelewa kwa nini barua haikuandikwa: ningekuja hapo, jambo la kwanza ningelikuta jedwali langu kwenye mlango wako. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe nilikuwa najisifia mbele za watu.

Kuhusu namba arobaini na saba sisemi kitu. Nakuachia wewe useme.

Mpwa wako


Tarehe 3 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi koti limekwisha. Dada yangu ana mkono. Huku jua limetoka siku tatu mfululizo na watu wamechanganyikiwa.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Umeniita msaliti. Mimi, niliyekupandisha juu ya tangi la maji ukiwa na miaka saba nikakuonyesha ile nukta nyekundu. Haya.

Tuongee kama watu wa kazi. Kuhesabu kuanzia chini kulia si mali yako. Babu alinifundisha mimi wewe hujazaliwa. Uwanda ule nimeutazama miaka kumi. Picha ni ya watu wote. Wawili wakihesabu vizuri watafika kwenye jibu moja, na ndiyo maana inaitwa sayansi. Na hilo namba arobaini na saba unaloniwekea fumbo, nimelikagua kwa macho yangu, kwenye picha asili, kwenye kompyuta zangu zote tatu. Liko pale, limekaa vizuri, na ndilo moyo wa kazi nzima. Hakuna wa kulitilia shaka.

Nakiri moja: jina lako lilistahili kuwamo kwenye shukrani. Nilikuwa na siku mbili na mkataba unaning'inia. Na barua ya mapendekezo, basi, nilichelewa. Niliona haya kusema. Yameisha. Wameniongezea miaka mitatu kwa sababu ya kurasa hizo mbili, na hiyo ni heri yetu sote: mwakani naweza kukuita kama msaidizi wangu. Mambo haya yangekuwa ya mtu baki ningeelewa hasira yako. Damu nzito kuliko maji.

Dada usimwambie. Goti lake linamtosha.

Mjomba wako


Tarehe 20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, hajui kitu.

Fungua barua yangu ya tarehe 22 Aprili, ile ya posta ya haraka. Isome mpaka mwisho. Kisha niandikie ulichokiona kwenye kompyuta zako tatu.

Mpwa wako


Tarehe 14 Septemba

Mpwa wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Hamjambo?

Barua yako ilikuwa kwenye droo, haijafunguliwa. Ilifika tarehe 25 Aprili. Nilijua kilichomo: siku zilizobaki, na wewe ukiomba. Sikuweza kukutazama ukiomba. Kila nilipofungua droo kutafuta stepla niliigeuza, upande wa mwandiko wako uangalie chini. Kumbe pembeni ya ombi lako ulikuwa umenitumia wokovu. Makala nilikuwa sijaipeleka. Nilikuwa na siku kumi na mbili.

Nilikudanganya. Picha asili sikuwahi kuifungua. Nilikuwa nayo mbele yangu, hatua mbili za kidole, na sikuifungua, kwa sababu hesabu yako ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa na hofu. Jana nimeifungua. Ni mchanga.

Nimekaa nayo mpaka wenzangu wote wameondoka. Nimechukua jedwali la mtoto wa dada yangu, na hata kuliiba sikuliiba vizuri.

Sasa nakuomba, na mimi nakuambia tafadhali. Wanaojua ni mimi, wewe na mwalimu wako. Kurasa mbili za muhtasari hakuna anayezirudia, zitazeeka zenyewe. Likifukuliwa, miaka mitatu yangu imekwenda, na mimi sina ufundi mwingine. Cherehani sijui, shamba sijui, naijua Mirihi tu. Tumwache Babu alale.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya mapendekezo kwa ufadhili wa mwakani. Nimeiandika kwa moyo wote na kila neno lake ni kweli. Sijatia tarehe wala sahihi. Niandikie neno moja tu kwamba tumeelewana, uirudishe, nami nitatia sahihi siku hiyo hiyo na kuipeleka mwenyewe. Safari hii kweli.

Mjomba wako


Tarehe 2 Oktoba

Leo sianzi na salamu. Nikianza na goti la Mama nitachoka kabla sijafika ninapokwenda, kwa hiyo naanzia chini.

Hatujaelewana.

Barua yako ya mapendekezo nakurudishia. Nimeisoma mara tatu. Ni nzuri kuliko ya Mwalimu. Inasema ninajitegemea, nina jicho, na nikikosea nathubutu kujisahihisha. Hapo kwenye kujisahihisha nililia. Ungekuwa umenidharau, ingeuma kidogo. Kumbe ulikuwa unaniona vizuri kabisa, ukanijua mimi ni nani, na bado ukaniacha nje. Na hata sasa, kalamu mkononi, umeizuia sahihi mpaka kwanza ninyamaze.

Wiki iliyopita nimewapelekea wahariri wa kile kitabu sahihisho. Nimeambatanisha tangazo la mafundi cherehani, ratiba ya mtihani na picha ya roli la printa. Sikukuita mwizi. Nimeandika kwamba hesabu niliifanya mimi, kwamba namba arobaini na saba ni kovu la printa, na kwamba nililigundua mwezi wa nne nikakuarifu kwa barua. Watakaosoma wana akili zao. Mwalimu ametia sahihi kama shahidi, na mwenye duka pia, kwa mwandiko mkubwa, anajiona mwanasayansi.

Unasema unaijua Mirihi tu. Na mimi je? Wewe ulipoogopa kubaki bila kazi, uliniandikia kwamba kufundisha shule ya jirani kusishushwe thamani. Ndiko niliko. Nafundisha hesabu asubuhi, na siioni aibu. Ila kazi hiyo ulinichagulia wewe, ili wewe usichaguliwe kazi na mtu.

Ulichukua hesabu yangu ukaacha shaka yangu. Kumbe kazi ilikuwa kwenye shaka.

Nafasi nimepata, ndogo. Kile kijarida chako cha mwezi wa pili nilikisoma upya, kuanzia ukurasa wa mwisho, kona ya chini kulia, ambako kalamu yako ya njano haikufika. Mistari minne. Kuna kikundi kinachohesabu mashimo kupitia mtandao, kwa picha asili, na kinatafuta wanafunzi, hata waliohitimu karibuni. Hawataki barua ya mtu. Wanakupa kipande cha sayari, unahesabu, wanapima makosa yako. Nimehesabu, wamenichukua. Mwalimu amewaomba wakubwa na kompyuta ya katibu ni yangu kila alasiri. Nakuambia ili ujue kwamba kitasa ulinionyesha kweli, na kwamba nimekushukuru kwa hilo, na kwamba kushukuru na kusamehe ni vitu viwili.

Sasa Mama. Kila barua yako ikifika ananiuliza umesema nini, na kila mara namjibu, "Anatusalimu." Kati ya yote niliyoyahesabu mwaka huu, hapo tu ndipo nimedanganya, na nimedanganya kwa ajili yako. Jana alilishusha koti mlangoni, akaligeuza ndani nje, akashika mishono. Akaniambia, "Wewe huendi tena, basi nalifumua nilitanue mabega, tumpelekee mjomba wako. Kule kwake baridi." Ameshaanza, Mjomba. Ameshafumua mkono mmoja.

Mimi sitamwambia. Mwandikie wewe. Jambo la maana liandikwe. Na usianze na salamu, wala ukungu, wala mafua. Anzia pale utakapochokea.

Mtoto wa dada yako